Ankara Isiyofika

Mwezi Aprili 2015, jiji la San Francisco katika jimbo la California liliuza barabara kwa mnada wa mtandaoni. Haikuwa kichochoro wala njia ya vumbi ya pembezoni. Ilikuwa Presidio Terrace, mtaa wa duara wenye nyumba 35 za kifahari, geti la mawe, mlinzi, mitende na bustani zinazotunzwa. Miongoni mwa watu waliowahi kuishi humo ni Seneta Dianne Feinstein na Nancy Pelosi, aliyekuja kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani. Mnada ulianzia dola 994. Ulipofungwa, wanandoa wawekezaji kutoka San Jose, ambao hawakuwa wameitia barabara yenyewe machoni, waliichukua kwa dola 90,100 pamoja na njia zake za miguu na bustani zake.

Wenye nyumba hawakujua. Kwa miaka miwili waliendelea kuingia na kutoka, kuegesha magari yao, kumlipa mlinzi na watunza bustani, yote hayo juu ya ardhi ya mtu mwingine. Walizinduka mwishoni mwa Mei 2017, pale kampuni ya kuchunguza hati, iliyotumwa na wamiliki wapya, ilipowauliza kama kuna anayependa kuinunua tena barabara.

Habari zilipofika magazetini Agosti ya mwaka huo, watu wengi walicheka. Matajiri wamepokonywa barabara kwa deni ambalo halifiki hata seti ya matairi ya magari yao! Naelewa kicheko hicho, ila nakuomba, ndugu msomaji, tukiweke kando kidogo. Kosa lililofanyika pale halikuhitaji utajiri. Lilihitaji majirani wenye nia njema, kamati inayobadilika kila baada ya miaka michache, na karatasi moja ambayo kila mtu alidhani mwenzake anaishughulikia. Mimi na wewe tumo katika makundi ya namna hiyo, ya mtaa, ya ukoo, ya kanisa au msikiti, ya kuzikana. Tunaweza kuteleza pale pale walipoteleza wao.

Ilikuwaje basi? Presidio Terrace si barabara ya jiji. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 imekuwa mali ya chama cha wamiliki wa nyumba, chama kinachokusanya ada na kutengeneza lami, njia za miguu na bustani. Barabara ni ardhi, na ardhi ina kodi, hivyo chama kilipaswa kuilipia. Kodi yenyewe ilikuwa dola 14 kwa mwaka. Udogo wake una maelezo: huko California thamani ya eneo la pamoja huchukuliwa kuwa imekwisha kuingia katika thamani ya nyumba zinazolizunguka, kwa hiyo barabara hutozwa kodi ya kutimiza sheria tu. Ankara ilipelekwa mwaka baada ya mwaka kwenye anwani ya mhasibu ambaye hakuwa akikifanyia chama kazi tangu miaka ya 1980. Hakuna aliyelipa. Zile dola 14 zikapandana, zikaongezwa adhabu na riba, hadi zikafika 994. Sheria ya jimbo inaruhusu ardhi kuuzwa ikiwa kodi yake imekaa miaka 5 bila kulipwa. Hapa ilikuwa imekaa karibu miaka 30.

Dalili zilikuwepo, tena zilikuwa nyingi. Iliyo nzito kuliko zote ni kwamba kosa hilo halikuwa geni katika mtaa ule. Kumbukumbu za kodi zilionyesha kwamba miaka ya 1980 barabara hiyo hiyo ilikwisha kuchukuliwa na jimbo kwa sababu hiyo hiyo, na chama kikaikomboa kwa kulipa kilichodaiwa. Mtu angetegemea kwamba baada ya kuponea chupuchupu namna ile, jambo hilo lingeandikwa katika daftari la kwanza ambalo kila mwenyekiti mpya hukabidhiwa. Lakini chama si mtu. Mtu akiungua mkono mara moja, mkono wenyewe unakumbuka. Chama kinakumbuka yale tu yaliyoandikwa, na wale waliopata hofu ile ya kwanza walihama, walizeeka, au walifariki, wakaacha nyumba kwa watu ambao hawakuwahi kuisikia habari hiyo.

Dalili nyingine ilikuwa ukimya. Sisi tumezoea kuogopa barua inayokuja na maandishi mekundu. Ni wachache wanaoogopa barua ambayo haijaja. Ankara isiyofika haipigi hodi, haimwamshi mtu usingizini, haizui ugomvi mkutanoni. Na hapa ndipo ningependa tukae kwa muda, kwa sababu ndipo vyama vingi vinapozama. Chama cha wenye nyumba hupanga bajeti kila mwaka: mlinzi kiasi fulani, bustani kiasi fulani, taa, bima, ukarabati. Mpangaji wa bajeti kwa kawaida huanza na bajeti ya mwaka uliopita, akaongeza kidogo hapa, akapunguza kidogo pale. Kitu kikishatoka katika orodha hiyo mwaka mmoja, hakirudi chenyewe. Mkaguzi wa hesabu naye hukagua yaliyolipwa kama yana stakabadhi, na mara chache huuliza juu ya lisilolipwa ambalo halimo hata kwenye orodha. Ingetosha mtu mmoja kuinua mkono katika mkutano wa mwaka na kuuliza, "Jamani, hii barabara kodi yake tunailipa wapi?" Miongo mitatu ya mikutano ilipita katika mtaa uliojaa watu wa elimu na fedha, na swali hilo halikuleta jibu, kama liliulizwa hata mara moja.

Tena kulikuwa na udogo wa kiasi chenyewe. Dola 14 haziitishi kikao. Laiti ingekuwa dola 14,000, kukosekana kwake kungeonekana mwaka wa kwanza. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani walikuwa wakifikiria zaidi vitu vidogo, kwa kuwa vikubwa hujitangaza vyenyewe.

Tugeukie upande wa jiji, ambao nao haukosi lawama. Ofisi ya mweka hazina ilisema ni wajibu wa mwenye mali kuhakikisha anwani yake ni sahihi, na kwamba taratibu za kutangaza mnada zilifuatwa. Wakili wa wakazi akajibu kwamba jiji lingeweza kubandika tangazo pale mtaani, kwa kuwa barabara haiwezi kuhama. Kila upande una hoja. Lakini mimi naona kuna jambo lililo chini zaidi ya hoja hizo. Jiji halikuwa linatengeneza lami ile. Halikuwa na sababu ya kumtuma mhandisi wake pale, wala msimamizi wa matengenezo kukagua mashimo. Mahali ambapo halmashauri haitumii fedha, haina mtu anayepafahamu. Presidio Terrace ilibaki kuwa namba ya kiwanja katika kompyuta, na namba ikishadaiwa zaidi ya miaka 5 inaingia kwenye orodha ya mnada pamoja na namba nyingine.

Hapo ndipo mkasa huu unapogusa jambo pana kuliko mtaa mmoja: uhusiano wa vyama hivi na mfuko wa serikali za mitaa.

Mwaka 1970 Marekani ilikuwa na vyama vya wenye nyumba takriban 10,000. Leo vimepita 350,000, na wanaoishi chini yake ni zaidi ya watu milioni 70. Ongezeko hilo lina sababu kadhaa, na mojawapo ni hesabu za halmashauri. Mwezi Juni 1978 wapiga kura wa California walipitisha kwa wingi mkubwa Pendekezo la 13. Liliweka kodi ya nyumba na ardhi isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Mapato ya kodi hiyo katika jimbo zima yalianguka kwa zaidi ya nusu. Halmashauri zilibaki na mitaa ile ile ya kusafisha, na fedha pungufu. Mjenzi alipokuja na ramani ya nyumba mpya mia mbili, lilikuwa jambo la busara, au lilionekana hivyo, kumwambia: jenga barabara, mitaro ya maji ya mvua, taa na bustani kwa gharama yako, kisha anzisha chama cha wenye nyumba kiendelee kuvitunza.

Kwa mfuko wa halmashauri, mpango huo ni mtamu mno mwanzoni. Nyumba mpya zinalipa kodi kama nyumba nyingine, lakini barabara zake hazigharimu chochote. Nyumba iliyothaminiwa dola milioni 5, kwa kiwango cha asilimia 1, huleta dola 50,000 kila mwaka, na jiji halimwagi hata ndoo moja ya lami mbele ya geti lake. Presidio Terrace ni mtaa wa kale kuliko mpango huu, lakini hesabu yake ni hiyo hiyo. Ni faida ya wazi, na mhasibu yeyote wa halmashauri angeipenda.

Gharama huja baadaye, na huja kutoka pande mbalimbali. Kwanza wakazi huanza kuhesabu. Wanalipa kodi kwa jiji na ada kwa chama, na kazi inayofanywa kwa ada hiyo ni ile ambayo majirani wa mtaa wa pili wanafanyiwa kwa kodi. Wanaanza kusema wanatozwa mara mbili, na mtu anayeamini kwamba anatozwa mara mbili hawi mwepesi kupiga kura ya kuongeza kodi kwa ajili ya barabara za wengine. Huko New Jersey malalamiko hayo yalizaa sheria inayozitaka halmashauri ama kuondoa theluji, kuwasha taa za barabarani na kuzoa takataka katika mitaa ya binafsi kama zinavyofanya kwingine, ama kuwarudishia wakazi gharama hizo. Fedha zilizookolewa zikaanza kudaiwa kurudi.

Kisha lami huzeeka. Barabara iliyowekwa wakati watoto wa mtaa wanaanza shule hupasuka wakati watoto hao wana watoto wao. Chama chenye akiba huitengeneza. Chama ambacho kwa miaka yote kiliwafurahisha wanachama kwa ada ndogo hugeuka na kubisha mlango wa halmashauri kikiomba barabara zichukuliwe ziwe za umma. Halmashauri, ambayo iliacha kuziweka kwenye mipango yake tangu siku ya kwanza, haina fungu.

Kuna mkasa ambao naona uchungu kuusimulia, lakini kuuruka si haki. Katika mji mdogo wa Surfside, Florida, kulikuwa na ghorofa la Champlain Towers South, lililojengwa mwaka 1981, lenye nyumba 136 chini ya chama cha wamiliki. Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na chama aliandika kwamba zege limeharibika vibaya chini ya eneo la bwawa la kuogelea, kwa kuwa maji yalikuwa hayatoki. Mwezi mmoja na kitu baadaye, kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao, afisa wa majengo wa mji aliwaambia wamiliki kwamba jengo lao liko katika hali nzuri sana. Mwaka 2019 wajumbe wengi wa bodi walijiuzulu katikati ya mabishano. Akiba ilikuwa chini ya dola milioni 1, na kilichohitajika ni mara nyingi zaidi. Ni Aprili 2021 tu ndipo mchango wa dola milioni 15 ulipoidhinishwa. Kila mwenye nyumba alitakiwa kutoa kuanzia dola 80,000, na wenye nyumba kubwa ya juu zaidi ya dola 330,000, malipo yaanze tarehe 1 Julai. Usiku wa tarehe 24 Juni sehemu kubwa ya jengo iliporomoka. Walikufa watu 98.

Simweki mhasibu wa Presidio Terrace na maiti za Surfside katika mizani moja. Barabara iliyouzwa ni aibu, na ghorofa lililoanguka ni msiba. Lakini ukizitazama dalili zilizopuuzwa utaona zinafanana. Kamati inabadilika na kumbukumbu inakatika. Kiasi kinachodaiwa leo kinaahirishwa kwa sababu mkutano haupendi kusikia. Serikali ya mitaa, iliyofurahia kupata kodi bila kazi, inakagua kwa mbali na kuamini maneno ya karatasi. Florida hata iliwahi kuwa na sheria, ya mwaka 2008, iliyotaka majengo ya aina hiyo yakaguliwe na mhandisi kila baada ya miaka 5. Ilifutwa mwaka 2010, kabla haijapata muda wa kufanya kazi, kwa hoja kwamba inawabebesha wamiliki gharama. Baada ya msiba, mwaka 2022, ukaguzi wa lazima ulirudishwa, na uhuru wa wamiliki kujipigia kura ya kutoweka akiba kwa ajili ya nguzo, paa na misingi ukaondolewa.

Presidio Terrace iliishia salama. Wakazi walikwenda mahakamani, kisha wakapeleka ombi kwa madiwani wa jiji, na mwishoni mwa Novemba 2017 madiwani walipiga kura 7 kwa 4 kuubatilisha mnada. Wanunuzi, ambao walikuwa wamefikiria hata kutoza ada ya kuegesha magari katika nafasi 120 za mtaa huo, walipinga kwamba walinunua kihalali katika mnada wa serikali yenyewe. Sioni kwamba walikosea kulalamika. Wanunuzi hao walikuwa wahamiaji kutoka Asia, na mtaa wenyewe, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa uamuzi dhidi ya masharti ya ubaguzi mwaka 1948, ulikuwa na masharti ya kuwauzia nyumba wazungu pekee. Pia huwa najiuliza kama madiwani wangeitisha kikao kwa ajili ya mjane wa mtaa wa kawaida aliyepoteza kiwanja kwa deni la namna hiyo, bila wakili wala magazeti. Tusijenge usalama wetu juu ya huruma ya namna hii.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya yanakuja kwa kasi kuliko tunavyotambua. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, na Kenya ina yake ya mwaka 2020. Zote zinataka wenye nyumba katika jengo moja wawe na chombo chao cha pamoja cha kusimamia ngazi, lifti, paa na uwanja. Jijini Nairobi, mtaa wa nyumba zilizozungushiwa ukuta umekuwa jambo la kawaida, na barabara ya ndani, kisima na taa ni mali ya kampuni ya usimamizi ambayo kila mwenye nyumba ana hisa ndani yake. Kampuni hiyo ina anwani. Ina wakurugenzi. Ina taarifa zinazotakiwa kuwasilishwa kila mwaka, na kiwanja chake kinaweza kudaiwa kodi ya ardhi na serikali ya kaunti. Nikuulize kwa upole: unajua anwani hiyo ni ya nani leo? Mara nyingi ni ya wakili aliyeandika hati wakati wa ujenzi, au ya mjenzi ambaye ameshahamia mradi mwingine.

Wapo waliotuonyesha njia nyingine. Wakazi wa Karen na Lang'ata jijini Nairobi, kupitia chama chao kilichoanza mwaka 1940, walifika mahakamani miaka ya 1990 kupinga halmashauri ya jiji kuchukua kodi ya ardhi bila kutoa huduma. Unaweza kukubaliana nao au la, na mwenye kipato cha chini wa Nairobi ana haki ya kuuliza nani angezoa takataka zake kama kila mtaa tajiri ungezuia kodi yake. Lakini kundi lile lilijua linalipa nini, kwa nani, na linapata nini. Ugomvi wa wazi na halmashauri una heri kuliko usingizi wa miaka 30.

Nchini Tanzania nako, tangu mwaka 2021, kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme. Manung'uniko yalikuwa mengi, hasa ya wapangaji waliojikuta wakilipa kodi ya mwenye nyumba. Hata hivyo utaratibu huo una jambo moja ambalo San Francisco ingelitamani: hakuna ankara ya kupotea njiani. Ila barabara ya mtaa haina mita ya umeme. Uwanja wa watoto kucheza hauna. Eneo la pamoja ndilo linalobaki bila mtu wa kulikumbusha, nalo ndilo tunalolitembelea kila siku bila kulifikiria.

Kwa hiyo kabla ya mkutano wako wa mwaka ujao, ukiwa mwanachama wa kawaida tu na bila cheo chochote, omba uonyeshwe hati ya eneo la pamoja. Tazama jina lililoandikwa juu yake. Uliza barua za kodi zinapelekwa wapi na nani alizipokea mara ya mwisho. Ukiambiwa "hilo linashughulikiwa", omba stakabadhi ya mwaka huu. Wenzako wanaweza kukuona mkorofi, hasa kama kiasi ni kidogo, na katibu anaweza kukasirika kidogo kwa sababu jalada halipatikani. Vumilia. Iwapo jina lililo kwenye hati bado ni la kampuni iliyojenga, msiingie ajenda ya rangi ya geti wala uchaguzi wa viongozi kabla hamjaamua nani anakwenda ofisi ya ardhi, lini, na analeta majibu kwenye kikao kipi.